Chupa Ndani ya Gunia la Mbegu

Jumatano, Gitega. Mvua imetupumzisha tangu juzi, kama inavyofanya kila Januari, na jua limechukua nafasi hiyo kutuchoma. Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi. Mashine ya fotokopi imenyamaza, wateja wanachungulia mlangoni na kugeuka, nami nimekaa ndani ya kibanda changu hapa Magarama na simu yenye chaji nusu.

Naandika kabla haijazima, maana nimebeba mambo ya siku tano kichwani na yanagombana.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mama yangu ana saratani ya ziwa. Tulichelewa kuijua. Ilipogundulika ilikuwa imeshaingia kwenye mbavu na mgongo, na daktari wa hapa Gitega alituambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa hawezi kuutoa, ila maumivu anaweza kuyashusha. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Mama anaishi Muyinga, mlimani, nje kidogo ya mji, kwa kaka yangu Elias na mkewe Concilie. Mimi niko huku kwa sababu kazi yangu ya kuchapa barua na kutoa fotokopi iko huku, na dawa yake pia naichukulia huku.

Dawa yenyewe ni mofini ya maji. Wanaikoroga hospitalini na kuitia kwenye chupa ya plastiki yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mililita tano, mara tano kwa siku, kila baada ya saa nne kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na ya mwisho kabla ya kulala. Pamoja nayo kuna dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo kama mlango wa ofisi siku ya Jumapili. Goreth, muuguzi anayetuhudumia, alinirudisha darasani siku ile ya kwanza mpaka nikachoka. Aumwe asiumwe, anakunywa. Usingoje maumivu yapande ndipo umpe, maana yakishapanda kuyateremsha ni kazi.

Nikaelewa. Nikaenda Muyinga kumwelekeza Concilie, naye akaelewa. Tukamnunulia saa ya ukutani yenye namba kubwa.

Kwa wiki sita nilijisifu kwamba tunafanya kila kitu sawasawa.

Lakini mama aliendelea kuumia. Elias alinipigia simu mara mbili, mara tatu kwa wiki. Mama halali. Mama hataki kuguswa mgongo. Mama anauma ncha ya kitenge chake ili watoto wasimsikie. Simu ya mwisho aliniambia kwamba hiyo dawa yangu ni maji tu, na kwamba jirani anamjua mtu wa mizizi kule ng'ambo ya bonde. Nilimjibu vibaya. Mimi nikiwa na hofu huwa mkali, na yeye akiwa na hofu hutafuta mtu wa kumlaumu, kwa hiyo tukiwa na hofu wote wawili hapakaliki.

Nikaenda hospitali nikaeleza. Nisiwe mnafiki hapa kwenye ukurasa wangu mwenyewe: sikueleza, nililia na kugomba. Nilisema mama yangu anateseka na ninyi mnampa vijiko vya mtoto. Daktari aliuliza kama anakunywa yote kwa saa zake. Nikasema ndiyo, tena kwa kuapa. Mtu aliye Gitega anaapia kijiko kilicho Muyinga! Wakapandisha kiwango kutoka mililita tano hadi kumi.

Ijumaa nilifunga kibanda nikaondoka na chupa mpya, nimeizungushia kitenge mapajani. Esansi, yaani petroli, imekuwa adimu, gari lilijaa saa saba, na tulisimama Bugendana na tena Mutaho dereva akitafuta wa kumuuzia. Nilifika Muyinga jua linazama. Mama alikuwa amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi tumboni, uso umepauka. Nikamuuliza hali.

"Ni sawa tu," akasema. "Umekula?"

Jumamosi saa nne asubuhi nilimpimia dawa kwa mkono wangu. Nilitumia bomba la sindano lisilo na sindano, nikavuta mililita kumi, nikatia kwenye kikombe kidogo, nikasimama mbele yake. Alikitazama kikombe. Akanitazama mimi. Akautazama mlango.

"Nenda kaangalie sufuria huko nje," akasema, "nitakunywa."

Sikuondoka. Nilimwambia sufuria ina mwenyewe, mimi nimekuja kwa ajili ya kikombe hiki. Akakunywa yote kwa mkupuo, kwa hasira, na kunirudishia kikombe. Nilijiona hodari sana.

Ilipofika saa sita na nusu nilimkuta amelala chali, mdomo wazi. Nilifurahi kwanza. Wiki sita halali, sasa amelala. Nikamwita tuongee kidogo. Hakuitika. Nikamshika bega nikamtikisa, macho yakafunguka nusu, yakafunga. Pumzi zilikuwa zinakuja kwa kuachana sana, na kati ya moja na nyingine niliweza kusikia kuku wakiparua nje.

Nilipiga kelele. Concilie aliingia mbio na mikono yenye unga, akamwona, akasema "Mana yanje!", Mungu wangu, na kukaa chini. Elias alitoka shambani na jembe begani. Akamwinamia mama, akamwita kwa sauti ya kitoto ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo, kisha akanigeukia mimi.

"Umemuua."

Nami niliamini. Nakiri hapa: kwa dakika nzima niliamini kwamba nimemuua mama yangu kwa mkono wangu, tena baada ya kugombana na daktari ili nipewe ruhusa.

Goreth hakuwa zamu siku hiyo, lakini alipokea simu. Goreth ni mtu wa hapahapa Gitega na Kiswahili chake ni cha hukuhuku, kimechanganyika na Kifaransa, na siku ile sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayehesabu mayai.

"Donc, musikilize. Ukimuita kwa nguvu anafungua macho?"

Nikamwita kwa nguvu. Akafungua, akanung'unika kitu.

"Bon. Sasa tia saa mbele yako, uhesabu pumzi ya dakika moja. Usiharakishe."

Nilihesabu kwa sauti, Elias akiwa ameshika mkono wa mama na Concilie ameshika mguu wake. Zilikuwa kumi na mbili.

"Anapumua muzuri," akasema Goreth. "Mais usimupe ingine mpaka mi nikuambie. Mukae naye, mumuamushe kila mara, muhesabu tena. Kama zinashuka chini ya nane, ama hafungui macho, mumupeleke hospitali ya hapo Muyinga mbio, musinitafute mi kwanza." "Iko kitu moja sielewi. Mutu mwenye amezoea tano kila siku, kumi haimulalishe hivi. Mama alikuwa anakunywa ngapi, vraiment?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Sote wawili, mimi na Elias, tukamgeukia Concilie.

Naona aibu kuandika sehemu hii. Concilie amemhudumia mama yangu kwa wiki sita, amemwogesha, amefua nguo zake, amemkorogea uji, na sisi watoto wa mama tulimtazama kama mwizi. Elias alimuuliza dawa aliipeleka wapi. Alimuuliza kama alikuwa anaimwaga kwa uvivu wa kusubiri saa.

"Mi nilikuwa namupimia tano, vraiment!" Concilie alilia. "Saa ikifika namupimia, namuwekea hapa pembeni. We unataka nisimame juu ya mama mukwe namukodolea macho anakunywa? Mi sikulelewa hivyo!"

Alikuwa na haki. Kwetu mkamwana hamtazami mama mkwe mdomoni. Anaandaa, anaweka, anageuza uso au anatoka, na anarudi kuchukua chombo kikiwa kitupu. Mimi ni binti, naruhusiwa kukosa adabu, ndiyo maana nilisimama. Yeye angesimama wangesema hana malezi. Hakuna aliyefikiria hilo siku tuliyotundika ile saa ya ukutani, na mimi niliyejifanya mwalimu ndiye niliyepaswa kulifikiria.

Tuliendelea kuhesabu. Pumzi zilikuwa kumi na tatu, baadaye kumi na nne. Kama saa tisa hivi mama alifungua macho yote mawili na kuomba maji. Nilimwinua kichwa akanywa. Elias alikuwa bado anamsema mkewe pale mlangoni, kwa sauti ya chini sasa, ile ya kuumiza zaidi. Mama alisikiliza kidogo.

"Elias," akasema. "Mwache mtoto wa watu."

Akafumba macho. Nikadhani amelala tena.

"Toeni gunia la mbegu."

Gunia la mbegu ya maharage linakaa chini ya kitanda chake. Ni la msimu wa Februari, na katika nyumba yetu hakuna anayetia mkono humo kabla ya siku ya kupanda, hata njaa ikiingia hadi jikoni. Nililivuta. Nikalifungua kamba. Nilitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko na vidole vyangu vikagusa plastiki.

Ilikuwa chupa ya maji ya dukani, ya nusu lita. Imejaa hadi shingoni, na kifuniko kinanata.

Kila mara Concilie alipogeuka, mama alikunywa nusu na kurudisha nusu. Nusu ya asubuhi, nusu ya saa nne, nusu ya mchana. Kwa wiki sita. Kwa hiyo kile kiwango nilichokililia mimi kilikuwa cha mtu mwingine kabisa, na kikombe nilichompa kwa majivuno kilikuwa mara nne ya alichozoea mwili wake. Huko Gitega daktari alipanga dawa kwa habari nilizompa mimi, na habari zangu zilikuwa uongo ambao sikujua kuwa ni uongo.

Nilicheka. Sijui kwa nini, labda ni hofu iliyokuwa inatoka. Nilicheka kwa sababu nilidhani nimeshajua yote.

Sisi tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Posho ilikuwa inagawiwa kwa siku maalumu, unga, maharage, mafuta, chumvi, na kila familia ilijua itakula nini mpaka mgawo ujao. Mama alikuwa na desturi yake. Kabla ya kusonga ugali alikuwa anachota unga wa kutosha, kisha anarudisha konzi moja kwenye mfuko mwingine. Kila siku, konzi moja. Tulikuwa tunalala na njaa kidogo na unga upo, na tulimnung'unikia sana. Halafu ukaja mwezi ambao mgawo ulipunguzwa, na jirani zetu wakahangaika, na sisi tukala konzi. Toka hapo hakuna aliyebishana naye. Akiba haiozi, ndiyo sala yake ya asubuhi.

Basi nikamhutubia. Nilikaa kitandani pake nikamwambia mama, hapa si kambini. Dawa hii ikiisha wanatoa nyingine. Haigawiwi kwa kadi, hakuna foleni ya posho. Na hii, nikamwambia, haiwekwi, ikishakorogwa ina siku zake na baada ya hapo inaharibika. Na humu ndani kuna watoto watatu wa Elias, mmoja wao akiiona akadhani ni soda? Nilisema mengi, kwa mpangilio mzuri. Mama aliniacha nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Si yangu hiyo," akasema. "Nilikuwekea wewe."

Sikuelewa. Akaniangalia kwa subira, kama ninavyomwangalia mteja asiyejua kujaza fomu yake.

"Bibi yako alikuwa nao ugonjwa huu. Mimi ninao. Wa tatu nani? Ukikupata mimi sitakuwepo wa kukutafutia dawa."

Bibi alifia kambini, nikiwa na miaka tisa. Ziwa lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa, na dawa aliyopewa ilikuwa vidonge vyeupe vya homa. Nakumbuka alivyokuwa analia. Nakumbuka pia wanawake wa hema za jirani, ambao walikuwa wakianza kuimba nyimbo za kanisani kila sauti yake ilipopanda, ili sisi watoto tusikie nyimbo badala yake. Walikuwa wanapokezana, wengine wanapika, wengine wanaimba. Mama alikuwa ameshika kichwa cha bibi mapajani siku zote hizo. Mimi mambo hayo nilikuwa nimeyaweka mbali. Yeye hakuyaweka popote, alikuwa nayo kila kikombe kilipoletwa.

Alikuwa anaumia nusu ili mimi siku moja nisiumie yote.

Nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa, na wala sikujali nani anasikia. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira kwamba amenipenda kwa namna ya kijinga hivyo, na kwamba nisingeweza kumwambia ni ya kijinga. Concilie alikuja akasimama karibu. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa sababu yetu. Nikamwomba msamaha, palepale, sikungoja maneno mazuri. Akasema yameisha. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu wa damu yangu amewahi kuniuliza.

"We wifi, umeshajipimisha?"

Sijajipimisha.

Hebu niandike vizuri ili nione ilivyo. Hospitali huwa wanatoa kikaratasi chenye michoro ya mwanamke anayejipapasa matiti, moja, mbili, tatu, nne. Fotokopi zake wanakuja kutoa hapa kwangu. Nimeshazitoa kwa mamia. Nimezikata, nimezipanga, nimezifunga kwa mpira, nikaona michoro ile mpaka nikaichoka. Na mkono wangu mwenyewe haujawahi kupanda kifuani kutafuta chochote. Naoga harakaharaka. Mficha maradhi kilio humfichua, nilikuwa namwambia mama hivyo wakati tunamlazimisha kwenda hospitali, kumbe mimi nilikuwa nayaficha hata kabla sijayapata.

Jumapili asubuhi, baada ya watoto kwenda misani, tuliongea na Goreth tena. Mama alikuwa macho kabisa, na maumivu yalikuwa yamerudi, nilijua kwa jinsi alivyokuwa ameshika ukingo wa kitanda. Goreth alikuwa ameshazungumza na daktari. Turudi kwenye tano, akasema, lakini tano ya kweli, tano nzima, kwa saa zake, na baada ya siku tatu tutaangalia. Hiyo chupa ya akiba asiiguse mtu. Niirudishe Gitega.

Mama alikataa.

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba akinywa yote mimi nitabaki na nini. Nikamwambia akiba haiozi lakini hii inaoza, mama, kabla mimi sijafika huko itakuwa imeharibika. Akasema atabadilisha, atatoa ya zamani ataweka mpya. Mwanamke huyu alitulisha miaka mingi kwa konzi, ningemshinda kwa hesabu? Nikaona njia iliyobaki ni ya sokoni.

"Kunywa yako yote," nikamwambia, "na mimi nitaenda kupimwa."

Akanigeukia.

"Lini?"

"Nikirudi Gitega."

"Nikirudi si siku. Lini?"

"Alhamisi."

"Wakikuta kitu?"

"Wakikuta kitu watakikuta kidogo, wakitoe. Wewe na bibi kilikutwa kikubwa. Na nikihitaji dawa kama hii, ipo, nitapewa ya kwangu, mpya. Mama, wakati wa bibi haikuwepo. Sasa ipo."

Nje mbuzi wa jirani alikuwa analalamika. Nilimwona anapima neno langu kama anavyopima maharage, anayamwaga kwenye ungo na kutafuta mawe.

"Na nani ataniambia kama umeenda kweli? Wewe muongo. Ulisema shule umemaliza hesabu kumbe ulikuwa mtoni."

Hilo ni la miaka thelathini iliyopita, na bado limo kwenye faili langu. Nikamwambia Goreth atampigia yeye mwenyewe. Hapo akalegea. Lakini nilijua kwamba nikishaondoka kikombe kitawekwa tena pembeni, na uso utageuzwa tena, na gunia bado lipo. Nilikuwa nafungua mdomo kulisema hilo, mama akanitangulia. Alimwita Concilie.

Concilie akaingia, akasimama karibu na mlango, macho chini kama kawaida yake.

"Kaa hapa," mama akamwambia, na kupiga kitanda kwa kiganja. "Nipimie. Halafu uniangalie mpaka nimalize. Kila saa. Mimi ndiye nimesema, wewe huna kosa."

Concilie alinitazama mimi, akamtazama Elias, akakaa kwenye ncha ya kitanda kama kina moto. Akapima tano. Mama akapeleka kikombe mdomoni, na Concilie, maskini, akaangalia ukuta.

"Huku," mama akasema. "Nipo huku."

Akamtazama. Mama akanywa yote, akapindua kikombe juu ya kiganja kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Elias alitoka nje. Baadaye nilimwona anamsaidia mkewe kupepeta mchele, kazi ambayo tangu amezaliwa hajawahi kuigusa, na ndivyo alivyoomba msamaha.

Jumatatu mama alilala karibu asubuhi nzima, lakini usingizi wa kawaida, wa kuamka ukiitwa na kukasirika kwamba umeitwa. Jumanne alikaa kwenye mkeka nje. Concilie alimletea maharage, akaonja, akasema hayana mawese na hayana chumvi na kama wamekosa vyote viwili ni heri wangemletea maji. Concilie akajibu, mawese yako kwenye chupa, mama, na chumvi daktari hajakataza, ungesema tu. Wakabishana mpaka sahani ikapoa. Sijawahi kufurahia ugomvi kama ule. Mtu mwenye maumivu hana nguvu za kugombania mawese.

Nilirudi jana. Leo asubuhi nimeipeleka ile chupa kwa Goreth. Aliishika juu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu. Nilitegemea anisute kwa kiapo changu. Aliandika tu kwenye daftari lake kwamba imerudishwa, akaenda kuifungia, akarudi akaniuliza:

"Na we?"

Nikamwambia nimekuja kuomba nafasi ya kesho. Ameniandika wa pili.

Saa nane mchana huu mama amepiga. Hakusalimia.

"Nimekunywa yote. Concilie ameona. Nimelalia ubavu wa kushoto, ule mbaya. Unanisikia? Wa kushoto. Na wewe, kesho saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, mama."

"Usiangalie ukuta wakikupima. Uangalie wanachofanya."

Akakata. Ni simu ya Elias na mama huwa anaogopa kumaliza salio la watu.

Umeme haujarudi. Nimeshaandika karatasi ya mlangoni kwa mkono: Kesho asubuhi tumefunga, tutafungua mchana. Nimeibandika sasa hivi, saa kumi jioni, ili mtaa mzima wa Magarama uione na nisipate njia ya kurudi nyuma. Sijui watakuta nini. Mkono wangu mmoja uko kwenye simu na mwingine nimeukalia, nao kesho utakuwa na kazi ya kupanda kifuani. Naogopa, na sitaki kujifanya siogopi.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi mama atakunywa yake, yote. Saa moja na nusu mimi nitakuwa mlangoni pa hospitali.